Rejista ya Mwalimu Njambi

Watu wa Isiolo waliosomeshwa na Mwalimu Njambi Waweru wanamkumbuka kwa jinsi alivyoita majina. Aliita taratibu, akainua macho baada ya kila jina, na hakuweka alama mpaka amemwona mwenye jina. Mtoto akiitikiwa na mwenzake, alijua. Darasa la watoto sitini na wawili lilimchukua dakika kumi na mbili kila asubuhi. Walimu wenzake walimtania kwamba akimaliza kuita, kipindi cha kwanza nacho kimekwisha.

Alizaliwa hapa hapa Isiolo mwaka 1973. Baba yake alitoka Nyeri akiwa kijana, akafungua duka la kamba, madebe na taa za mafuta karibu na soko, na Njambi alikulia nyuma ya kaunta. Kiborana alikijua kabla hajaanza shule, kwa sababu ndiyo lugha ya wateja. Kisomali alikielewa bila kukisema vizuri. Kikuyu kilikuwa lugha ya jikoni kwa mama. Alipomaliza chuo cha ualimu hakuomba kupelekwa Nyeri, ambako hakumjua mtu. Aliolewa na karani wa idara ya maji, wakapata binti mmoja, Sheila, kisha mume akafariki kwa ugonjwa wa figo Sheila akiwa na miaka saba. Hakuolewa tena. Ukimuuliza habari hizo alizimaliza kwa sentensi mbili, akageukia kazi yake.

Ukali wake kwa rejista ulianzia shule ya Ngaremara, nje ya mji, mwaka wake wa nane kazini. Katika darasa lake la sita kulikuwa na msichana aitwaye Apua. Shule ilikuwa ikipata chakula cha mchana kwa msaada wa wafadhili, na mtoto aliyekosa siku nyingi aliondolewa kwenye orodha ya chakula. Apua alipoanza kukosa, Njambi alimhurumia. Alidhani yuko kando ya barabara anamsaidia mama yake kuuza makaa, kama alivyowahi kufanya. Akamwekea alama ya kuwepo wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku chifu alipokuja kuuliza kama kuna msichana yeyote aliyetoweka shuleni, mwalimu mkuu alifungua rejista akamwonyesha kwamba wote wapo. Wakati huo Apua alikuwa ameshaozwa kwa mtu wa mbali, na ilipojulikana, hakuna aliyeweza kumrudisha.

Hakuna aliyemlaumu Njambi. Mwalimu mkuu alisema ni kosa la kawaida, kila mwalimu amewahi kulifanya. Yeye hakuliona hivyo. Tangu siku hiyo hakumwekea alama mtoto ambaye hakumwona kwa macho yake.

Alipohamishiwa shule moja ya msingi mjini, ndiye aliyeishawishi bodi ya shule kupitisha sheria ya siku kumi na tano. Mtoto akikosa zaidi ya siku kumi na tano katika muhula mmoja, jina lake linafutwa na nafasi yake anapewa mwingine aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mzazi akitaka mtoto arudi, aje na barua ya chifu, na asubiri nafasi kama wengine. Sheria ilikuwa kali kwa makusudi. Wazazi waliozoea kuwatoa watoto shuleni wakati wa kiangazi na kuwapeleka malishoni Kipsing na mifugo walianza kufikiri mara mbili. Mahudhurio yalipanda. Njambi hakujisifu, lakini karatasi yenye sheria hiyo aliibandika mwenyewe ukutani katika chumba cha walimu, kwa gundi, si kwa pini.

Januari 2024 aliletewa Ikra.

Ikra Noor alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Zeinab, alikuwa fundi wa cherehani, wa familia za Kisomali za Isiolo ambazo babu wa babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, wakapewa makao hapa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha. Baba yake aliendesha lori la mizigo kwenda Moyale na kurudi, na kwa mwezi alilala nyumbani siku sita au saba. Ikra alikaa dawati la mwisho upande wa dirishani. Kengele ilipopigwa aliziba masikio. Hakuwa mtundu na hakuwa mkimya pia, kwani maneno ya mwisho ya kila swali aliyarudia kwa sauti ya chini. Ukimuuliza, "Kitabu chako kiko wapi?" alijibu, "Kiko wapi." Hesabu za kujumlisha alizifanya vizuri kama hakuna mtu aliyesimama nyuma yake. Jina lake lilipoitwa, hakuitikia. Njambi alikuwa akiinua macho, anamwona dirishani, anaweka alama, anaendelea.

Ikra alipokuwa na miaka sita daktari wa Meru alikuwa amesema ni usonji. Majirani walisema mtoto amedekezwa. Shangazi yake alisema asomewe Kurani. Zeinab alikubali asomewe, na pia akaandikisha jina kwenye orodha ya therapi hospitalini Meru. Alingoja miaka miwili. Desemba 2023 alipigiwa simu kwamba nafasi imepatikana, Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi. Siku nyingine hazikuwepo, na saa nyingine hazikuwepo.

Basi kila Jumanne na Alhamisi Ikra alivalishwa sweta, kwa sababu Meru ni baridi, wakaondoka na mama yake alfajiri na kurudi alasiri. Zeinab alikuwa amemweleza mwalimu wa darasa la mwaka uliotangulia, naye akaitikia kwa kichwa tu. Njambi alisikia tu kwamba mtoto huyo huenda hospitali. Rejista yake ilikuwa na alama mbili, ya kuwepo na ya kutokuwepo. Kufikia Alhamisi ya wiki ya nane, Ikra alikuwa na alama kumi na sita za kutokuwepo.

Ijumaa Njambi aliandika orodha ya majina ya kufutwa, kama alivyofanya kila muhula, akaipeleka ofisini. Yalikuwa majina mawili. La pili lilikuwa la Ikra.

Mwalimu mkuu, Bwana Njogu, aliisoma akiwa amesimama.

"Madam, huyu si yule wa Zeinab fundi? Anayeenda Meru?"

"Ndiye."

"Sasa si umwekee tu alama hizo siku mbili? Nani ataangalia?"

"Mimi."

"Nakuambia kwa wema. Mtoto ni mgonjwa."

"Bwana Njogu, siwezi kuandika yupo na hayupo."

"Basi asilaumiwe mtu," alisema mkuu, akaiweka orodha chini ya kikombe.

Jumatatu, watoto walipokuwa wakitoka kwa mapumziko, Zeinab alifika mlangoni mwa darasa. Mkononi alikuwa na barua ya onyo aliyotumiwa na ofisi ya shule, imekunjwa mara nne.

"Salaam aleikum, mwalimu."

"Aleikum salaam, Mama Ikra. Karibu ukae."

Hakukaa.

"Hii barua inasema mtoto wangu ametoroka shule."

"Inasema amekosa siku kumi na sita."

"Si ni kitu moja? Mwalimu, mimi namtoa nyumbani gizani. Anatapika kwenye kona za barabara, nampangusa, tunaendelea. Halafu wewe unaandika hayupo. Mtoto yupo. Yuko Meru anajifunza kusema 'maji' akiwa na kiu. Hapo kwako atajifunzaje kusoma neno kama kulisema hajui?"

Njambi alimwambia kwamba hakulijua hilo la kusema maji.

"Hukuuliza," alisema Zeinab.

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira wa matambara ukutani. Kisha Njambi akamweleza kwamba orodha bado iko kwa mkuu, kwamba jina halijafutwa, na kwamba ataomba wiki moja. Akamwomba alete barua kutoka hospitalini.

"Barua ninayo tangu Januari," alisema Zeinab, akaitoa kwenye mkoba. "Hakuna aliyeitaka."

Ilikuwa na mhuri na sahihi. Njambi aliipeleka ofisini wakati huo huo. Bwana Njogu aliisoma, akasema barua ya daktari inamruhusu mtoto kwa ugonjwa, na ugonjwa una mwanzo na mwisho. Homa hukaa siku tatu, mguu uliovunjika hukaa wiki sita. Hii haikusema mwisho ni lini. Ruhusa isiyo na mwisho si ruhusa, alisema, na sheria ya shule haiitambui. Akaongeza, bila kejeli, kwamba sheria yenyewe anaifahamu zaidi Madam Njambi, maana ndiye aliyeileta.

Jumatano Njambi aliomba ruhusa ya siku moja, na Alhamisi alfajiri akaenda Meru na Zeinab na Ikra. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukosa kazi tangu mazishi ya baba yake. Hakumwambia mtu anakwenda wapi.

Chumba cha therapi kilikuwa kidogo, kimetandikwa mkeka wa plastiki wenye rangi, na dirisha lake lilielekea uwanja wa kuanikia mashuka. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Wendy, amevaa raba. Ikra aliingia bila kusukumwa. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akaketi mahali alipopajua. Njambi alikaa kwenye kiti cha pembeni na Zeinab.

Kwa saa nzima hakuona jambo la ajabu. Ikra alifunga vifungo vya shati lililoshonwa kwenye ubao na kuvifungua. Alisukuma ukuta kwa mikono miwili huku Wendy akihesabu. Alipuliza kipande cha pamba kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Kisha Wendy akachukua mpira, akauviringisha kwake, akasema, "Zamu ya Ikra." Ikra hakugusa. Wendy alingoja, macho kwa mtoto, mdomo umefungwa. Akaurudisha mpira, akaanza tena. "Zamu ya Ikra." Akangoja. Njambi alihesabu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Ikra aliusukuma mpira kwa kidole kimoja, na Wendy akasema, "Asante, Ikra," kwa sauti ile ile aliyoanza nayo.

Walipomaliza, Njambi alimuuliza, "Huwa unamsubiri muda gani?"

"Sekunde kumi. Wakati mwingine zaidi. Anasikia, mwalimu, lakini jibu linachukua muda kufika. Ukimwita tena kabla halijafika, anaanza upya."

"Mimi humsubiri sekunde mbili."

"Wengi hata hizo mbili hawampi." Wendy alikuwa akipanga vifaa vyake kwenye kabati. "Niambie, darasani kuna kitu gani kinachofanyika kila siku, kwa namna ile ile, ambacho naye anaweza kukifanya? Nataka tufanyie mazoezi hapa kitu atakachokitumia huko."

Njambi hakuhitaji kufikiri. "Naita majina."

Wakakubaliana hapo hapo. Wendy aliandika kwenye daftari lake: kuitikia jina. Akamweleza pia kwamba nafasi hizi mtoto akizikosa mara tatu, anapewa mwingine. Hospitali nayo ilikuwa na orodha yake ya kusubiri, na sheria yake.

Garini wakati wa kurudi, Zeinab alilala na Ikra akalala, na Njambi aliangalia nje. Baadaye alimsimulia Sheila kwamba kutoka Meru mpaka Isiolo alikuwa akijiuliza swali moja tu: alichokiona kule ni matibabu au ni darasa? Na kama ni darasa, yeye amekuwa akiandika nini?

Bodi ilikutana Jumamosi iliyofuata, katika darasa la Gredi ya Sita, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti alikuwa Mzee Abdinajib, mwenye malori, mtu wa maneno machache. Bwana Njogu alikuwepo, na wajumbe wa wazazi wanne, mmoja wao akiwa Jillo, mfugaji aliyehamia ukingoni mwa mji baada ya ukame kummalizia ng'ombe. Zeinab hakualikwa ndani. Alikaa nje kwenye ngazi.

Njambi alisimama akasoma pendekezo lake kutoka kwenye karatasi. Mtoto anayepata tiba ya usonji, au tiba nyingine ya namna hiyo isiyo na siku ya kwisha, asihesabiwe kuwa amekosa shule siku za tiba. Rejista iwe na alama ya tatu, herufi R, yaani ruhusa. Alama hiyo isiingie katika zile siku kumi na tano. Mwalimu ampe mzazi kazi ya siku hiyo, na mtoto aifanye nyumbani kadiri anavyoweza.

Mzee Abdinajib alikuna ndevu. "Mwalimu, tukifungua mlango huu kila mtu atakuja na barua. Hapa mjini barua zinapatikana."

"Barua peke yake haitoshi, mwenyekiti. Mtoto atakuwa na kitabu kidogo. Kila akifika kule, mtaalamu anatia tarehe, saa na sahihi. Kesho yake mimi nakiona. Siku ambayo kule hakufika na hapa hakufika, huyo hayupo, na nitamwandika hayupo."

"Fomu za rejista hazina nafasi ya herufi ya tatu," alisema Bwana Njogu.

"Nafasi ya kuandika R ni ile ile ya kuandika alama nyingine."

Mtu mmoja akacheka. Ndipo Jillo akainua mkono.

"Mimi sina ubaya na mtoto wa huyu mama," alisema. "Mungu amsaidie. Lakini nataka mwalimu aniambie. Msichana wangu Khadijo mlimfuta mwaka jana. Alikuwa Kipsing na mbuzi, ni kweli. Sasa wa kwenda Meru anapewa herufi, wa kwenda Kipsing anapewa kifutio. Tofauti ni nini? Ni kwamba Meru kuna mhuri?"

Njambi alimjua Khadijo. Jina lake alikuwa amelipiga mstari kwa rula.

"Nilimfuta mimi," alisema. "Sikuja kwako kuuliza. Kama ningekuja, ningeambiwa nini?"

"Ungeambiwa mama yake alikuwa amelazwa siku arobaini. Mimi nilikuwa kando ya kitanda chake hospitalini. Mbuzi walikuwa Kipsing na wadogo zake Khadijo walikuwa na hao mbuzi. Ni nani angewapikia?"

Njambi aliketi. Wenzake walidhani amemaliza, na mwenyekiti akaanza kuuliza kama kuna neno lingine. Lakini alikuwa akiandika. Aliposimama mara ya pili, sauti yake haikuwa ya kusoma.

Aliwaambia kwamba aliileta sheria ile kwa sababu aliwahi kumficha mtoto kwa alama ya uongo, na mtoto akapotea. Akawaeleza kwa ufupi habari za Ngaremara, ambazo kwa miaka ishirini hakuwa amemsimulia mtu isipokuwa binti yake. Alidhani dawa ya jambo lile ni kufuta majina upesi, alisema. Kumbe kufuta jina nako ni njia ya kuacha kumtafuta mtoto. Kwa hiyo pendekezo lake lilikuwa na sehemu ya pili: jina lolote lisifutwe kabla mwalimu wa darasa hajafika nyumbani kwa mtoto, akauliza kwa mdomo, na akaandika alichojibiwa.

"Mwalimu mmoja afike nyumba sitini?" aliuliza Bwana Njogu.

"Si sitini. Muhula huu ni mbili."

Walijadili kwa muda mrefu. Mjumbe mmoja alisema walimu watakataa. Mwingine alitaka herufi iwe T, ya tiba, na hilo pekee lilichukua robo saa. Mwishowe Mzee Abdinajib aliuliza nani anapinga, na Bwana Njogu hakuinua mkono, ingawa hakuuinua pia kwa kukubali. Ikapita, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Khadijo alipewa nafasi ya kwanza itakayopatikana.

Njambi alitoka nje akamweleza Zeinab. Zeinab alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ingekuwa hivyo tangu Januari," alisema. Akasimama, akakung'uta buibui lake vumbi la ngazi, akaenda kufungua duka lake la kushonea.

Khadijo alirudi shuleni mwezi wa tano, amepitwa na muhula na nusu, akawekwa darasa lake la zamani. Njambi alimfundisha kusoma wakati wa mapumziko ya mchana, siku tatu kwa wiki. Hakusema ni kwa nini, na Jillo hakuuliza. Jina la kwanza kwenye ile orodha ya majina mawili lilikuwa la mtoto ambaye familia yake ilikuwa imehamia Garissa bila kuaga. Njambi alikwenda mpaka nyumba yao, akaambiwa na majirani, akaandika hivyo.

Uitaji wa majina nao ulibadilika. Alipofika kwa Ikra alikuwa akiita mara moja, kisha ananyamaza na kuhesabu moyoni mpaka kumi. Siku za mwanzo darasa lilicheka. Watoto waligeuka kumtazama Ikra, na Njambi akawaambia wamtazame yeye mwalimu, si Ikra. Baada ya wiki mbili wakazoea. Watoto sitini na mmoja walikaa kimya sekunde kumi kila asubuhi, isipokuwa Jumanne na Alhamisi, jina lilipoitwa na mtu mmoja akasema, "Ameenda shule ya Meru." Njambi aliandika R kwa kalamu ya buluu, akaendelea.

Machi yote Ikra hakuitikia, wala baada ya likizo ya Aprili, wala mwezi wa tano. Wendy alituma ujumbe kwamba kule Meru anaitikia mara tatu kati ya kumi, na kwamba mwalimu asikate tamaa. Njambi alimjibu kwamba yeye anahesabu tu.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba aliita, akaanza kuhesabu, na alipofika saba Ikra akasema, "Niko."

Alisema akiangalia dirisha, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa njia. Msichana wa dawati la mbele alianza kupiga makofi, na Njambi akamzuia kwa mkono, kwa sababu ya masikio ya Ikra. Akaweka alama. Akaita jina lililofuata. Wakati wa mapumziko walimu walimkuta ameketi na chai yake haijaguswa, na mmoja alipomuuliza kuna nini, alisema hakuna kitu, mtoto mmoja ameitika.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Jumatano Ikra hakuitikia, na Ijumaa aliitikia jina la mwenzake. Ilienda hivyo, siku moja ndiyo, tatu hapana. Kufikia mwisho wa mwaka aliitikia siku nyingi kuliko alizonyamaza. Alipotaka maji alisema maji. Kusoma kulikuja polepole, na mitihani ya mwisho wa muhula aliifanya katika chumba cha stoo, penye utulivu. Zeinab alipata mteja wa sare za shule, akawa anashona Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mpaka jioni ili kufidia siku mbili za Meru. Alisema amechoka, na uso wake ulionyesha hivyo. Bodi ilipokutana tena, sheria ilithibitishwa bila mjadala mrefu, na watoto wengine wawili wakaandikiwa R, mmoja kwa tiba ya miguu na mwingine kwa matamshi.

Mwaka 2025 Njambi alihamishiwa Merti kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Alibakiwa na miaka minane kabla ya kustaafu, na barua ya uhamisho hakuipinga. Alikodi chumba karibu na mahali magari ya mizigo yanapopakua, akaanza kujifunza majina mapya.

Wiki ya tatu aliambiwa kuna msichana wa miaka saba anayeitwa Siham, ambaye hajawahi kuletwa shule. Alikwenda kwao kwa miguu. Akamkuta ameketi kando ya zizi, anapanga vijiti kwa urefu, haangalii mtu. Njambi aliamkia, "Nagaa," mama wa mtoto akaitikia, wakakaa. Walizungumza kwa Kiborana kwa muda mrefu. Njambi akamweleza habari ya mtoto wa Isiolo, na ya ruhusa aliyopewa na shule kwenda kutibiwa.

"Sisi tungeenda wapi?" aliuliza mama.

Isiolo ni safari ya siku nzima, na Meru ni mbele ya Isiolo. Herufi R haikuwa na kazi Merti, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kumruhusu mtoto kwenda.

Alimwandikia Wendy. Baada ya siku nne Wendy alimtumia kwenye simu kurasa kumi na mbili za mazoezi, zenye picha, na video fupi tatu alizojirekodi mwenyewe akiwa kwenye ule mkeka wa plastiki. Akaonya kwamba hayo si badala ya tiba. Njambi alijibu kwamba anajua.

Sasa kila Jumamosi asubuhi huenda kwa kina Siham na mpira mdogo na shati kuukuu lenye vifungo vikubwa. Mama wa Siham humfanyisha mtoto mazoezi, Njambi husoma maelekezo. Mpaka sasa Siham ameusukuma mpira mara mbili. Mara ya pili aliusukuma kwa nguvu ukaingia zizini, mbuzi wakatawanyika, na mama yake akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.